Kutoka Nyamianda Kwenda Ubwari: Majira Gani Yafaa?

Kila mwaka, masomo yakaribiapo kwisha, swali moja huzunguka katika nyumba za Nyamianda: tuwapeleke lini watoto kuwaamkia babu na bibi huko Ubwari? Jirani mwingine hana wa kumwamkia. Yeye ataka kuzuru Baraka na Fizi, mahali walipomwaga damu yao, tarehe 28 Novemba 1964, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didoné, Bruda Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert, ambao Kanisa limewatangaza Wenyeheri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Na mwingine tena, naye ana haki yake, hataki ila kupumzika: kukaa siku chache penye mchanga na maji safi, mbali na vumbi na kelele za mji. Wote watatu huishia ufukweni, wakitafuta chombo. Barabara ya nchi kavu ipo mpaka Baraka, lakini mara nyingi ni mbovu, au haina amani. Tena anayekwenda mpaka ncha ya Ubwari njia yake nyepesi ni ziwa.

Basi, waende lini? Swali laonekana jepesi, na wengi hulijibu upesi: "Wakati wa kiangazi, maana hakuna mvua." Sisi twaona jibu hilo limewatia watu wengi hatarini. Si kwamba ni uongo mtupu. Ni kweli nusu, na kweli nusu ziwani ni kitu cha kuogopa. Ndiyo maana tumependa leo kulichambua polepole, kwa faida ya wazazi na ya wanafunzi wetu.

Msomaji asiyepafahamu kwetu na atusikilize kidogo. Nyamianda ni mtaa wa mji wa Uvira, kwenye pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, karibu na mwisho wake wa kaskazini. Nyuma yetu imesimama milima ya Mitumba, mirefu na iliyo karibu mno, hata jua la jioni hututoka mapema kuliko wenzetu wa ng'ambo. Mbele yetu ni maji, na ng'ambo ya maji ni Bujumbura na milima ya Burundi. Upande wa kaskazini mto Rusizi waingia ziwani, ukileta maji ya Ziwa Kivu, matope ya bonde, na viboko. Kusini mwa mji ndipo ilipo bandari ya Kalundu. Kisha pwani yaendelea, Makobola, Swima, Mboko, hata Baraka. Na ziwa lenyewe haliishi hapo. Kutoka kwetu hadi mwisho wake huko Zambia ni kilomita 670 hivi za maji matupu. Kina chake, pale palipo pa chini kuliko pote, chafika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Urusi peke yake lililo na kina zaidi. Lakini kina hakimdhuru msafiri. Aliyezama hazami zaidi kwa kuwa maji ni mengi. Urefu ndio msomaji aushike vizuri, maana utatufaa tutakapotaja mawimbi.

Ubwari ni ulimi wa nchi uliotoka bara na kuelekea kaskazini ndani ya ziwa. Ncha yake huitwa Banza. Kati ya ulimi huo na bara kuna ghuba, nao mji wa Baraka umekaa ndani ya ghuba hiyo. Siku yenye ukungu, ukiutazama Ubwari kutoka majini, utaapa kwamba ni kisiwa, kwa sababu shingo yake iunganayo na bara imejificha mbali kusini. Hivyo ndivyo alivyodhani Mwingereza Richard Burton. Yeye na mwenziwe John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Mwezi Aprili wakaja huku kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, wakafika Uvira tarehe 26. Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Tusimcheke. Mgeni akipita mara moja, tena mgonjwa kama yeye alivyokuwa, ataona mangapi? Ilikuwa mwaka 1876 ndipo Stanley, alipolizunguka ziwa lote kwa mashua yake kwa muda wa siku 51, alipoandika kwamba Ubwari umeshikana na bara. Akaipa ghuba jina la Burton. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiivuka shingo ile kwa miguu tangu zamani bila kumwandikia mtu.

Wageni hao wa kale wanatufundisha jambo kuhusu majira, ingawa hawakukusudia. Mwezi Machi 1858, kabla ya safari ya Uvira, Speke alikuwa amevuka ziwa bila Burton kwenda kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu. Alipokuwa katika kisiwa cha Kivira, tufani ya usiku ilimvamia hemani. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake. Mara vidudu vyeusi vikalijaza hema, na kimoja kikamwingia sikioni na kuanza kuchimba. Akajaribu siagi ya moto, haikufaa. Akajaribu kisu, akakiua kidudu lakini akaliumiza sikio, akakaa siku nyingi uso umevimba na sikio halisikii. Jahazi lenyewe hakulipata. Mwezi Machi, kwetu, ni mwezi wa mvua nyingi. Livingstone na Stanley nao walikuja mpaka kinywa cha Rusizi mwezi Novemba 1871, wakahakikisha kwamba mto ule waingia ziwani wala hautoki; nao walikuwa katika majira ya mvua. Lakini safari ile ndefu ya mwaka 1876 Stanley aliianza Juni akaimaliza Julai, katikati ya kiangazi. Walio wengi hawakuchagua majira. Majira yaliwachagua wao, kwa kuwa msafiri aliyetoka pwani kwa miguu hufika siku afikayo. Sisi tuna bahati ya kuchagua. Tukichagua vibaya hatuna udhuru.

Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi, wa Lamu, Mombasa na Unguja, wana elimu kamili katika mambo haya. Wao huyahesabu majira kwa pepo: kaskazi, uvumao tangu Desemba hivi hadi Machi, na kusi, uvumao tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba. Majahazi ya Uarabuni yalikuja Afrika kwa kaskazi, yakauza na kununua, kisha yakarudi kwao kwa kusi. Upepo mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi, kila mmoja na miezi yake. Ukimwambia nahodha wa zamani wa Lamu kwamba wataka kusafiri kwenda kusini mwezi Julai, atakuuliza kama una akili timamu. Kwetu watu huhesabu mvua. Twasema "kiangazi" na "masika", nasi twadhani tumemaliza. Lakini chombo cha majini, kiwe na tanga kama zamani au injini ya Yamaha kama siku hizi, hakilowi mvua kikazama. Hupinduliwa na upepo.

Haya, tuuangalie huo upepo. Mvua kubwa kwetu hukoma mwezi Mei. Tangu hapo mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki, ndugu yake yule kusi wa pwani, hulishika ziwa kwa urefu wake wote. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya nguvu yake. Kazi yake ni kubwa: huyasukuma maji ya juu yaliyo ya moto kuja upande wetu wa kaskazini, na huko kusini maji baridi ya chini hupanda kuziba nafasi, yakileta chakula cha samaki. Wavuvi wa Zambia humshukuru Mungu kwa upepo huo. Sisi wa kaskazini twapewa sehemu nyingine ya urithi, yaani mawimbi. Wimbi ni kama deni: kadiri linavyosafiri bila kuzuiwa ndivyo linavyokua. Upepo ukivuma kutoka mashariki, kati yetu na Burundi hapana nafasi ya wimbi kukua sana. Lakini upepo wa kusini una mamia ya kilomita mbele yake, wala hapana mlima wala kisiwa cha kuuzuia. Ndiyo maana katika mwezi wa Julai, jua likiwaka na mbingu haina hata wingu la ukubwa wa kiganja, ufuko wa Nyamianda waweza kupigwa na mawimbi yenye vichwa vyeupe toka mchana hata jioni.

Upepo huu, hata hivyo, una saa zake, na hapo ndipo wokovu wa msafiri. Usiku milima ya Mitumba hupoa, na hewa yake nzito huteremka polepole kuja ziwani. Kwa hiyo alfajiri maji ya pwani yetu huwa yametulia. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto, na hewa ya ziwa huanza kuvutwa kuelekea bara. Hewa hiyo ikiungana na upepo wa kusini, basi kuanzia saa nne au saa tano za asubuhi ziwa huanza kukunja uso. Saa nane huwa limekasirika kabisa. Jioni hulegea tena. Hiyo ni ratiba ya siku nyingi, si ya siku zote. Mara nyingine upepo wa kusini huvuma usiku na mchana siku mbili tatu bila kupumzika, na hapo hakuna saa njema.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Julai, tulikuwa ufukweni tukimsindikiza mgeni. Ilikuwa imetimia saa tano. Mama mmoja alikuja na watoto wake watatu, mizigo kichwani na mkononi, akamkuta nahodha, mzee wa miaka mingi, ameketi juu ya boti lake lililovutwa mchangani.

"Shikamoo, baba," akasema yule mama. "Mbona hamtuiti kupanda? Tazama, mbingu ni safi kama shuka ya altare."

"Marahaba, mama. Ni safi kweli," akajibu mzee. "Mvua, mama yangu, ni mgeni mwenye adabu, hutupigia hodi kwa wingu na radi, nasi twakimbia. Upepo wa mwezi huu hauna hodi. Rudi nyumbani na hawa wajukuu zangu. Kesho njoo saa kumi na moja alfajiri, nitakupakia wa kwanza."

Mama akakasirika, na sisi twaikumbuka hasira yake kwa huruma, maana alikuwa ametoka mbali na chakula cha njiani alikuwa amekwisha kipika. Lakini alirudi. Boti la mtu mwingine likaondoka saa ile ile na abiria waliokuwa na haraka. Jioni likarudi Kalundu, halikufika popote. Watu wamelowa mpaka mifupa, na magunia mawili ya unga yametupwa majini ili kulipunguzia uzito. Hakufa mtu. Yule mama aliondoka asubuhi yake gizani, na habari zilizotufikia ni kwamba walikula chakula cha mchana Ubwari.

Kuna jambo jingine la kiangazi ambalo wageni hawalijui. Anayetoka Uvira kwenda kusini aupokea upepo usoni. Safari ya kwenda ni ya polepole. Maji hurukia ndani, injini hunywa mafuta mengi, lakini nahodha aliona wimbi linapokuja. Safari ya kurudi ni ya haraka, kwa kuwa upepo wasukuma mgongoni, nao abiria hufurahi na kuimba. Hapo nahodha mwerevu ndipo asipoimba. Wimbi litokalo nyuma hulinyanyua tako la boti na kutaka kuligeuza ubavu. Tena ufuko wetu, mahali pa kushukia, ndio unaopigwa zaidi. Watu husafiri salama siku nzima, wakapinduka hatua ishirini kutoka mchangani. Ikiwa wataka kurudi Uvira katika miezi hiyo, panga kufika asubuhi, hata kama itakubidi kulala njiani.

Afadhali kwa wale waendao Baraka. Ghuba ya Burton mdomo wake umeelekea kaskazini, na Ubwari wenyewe umesimama upande wa mashariki kama ukuta wa ua. Chombo kikiisha kupita Banza na kuingia ndani, upepo wa kusini hukatwa na nchi, mawimbi hupungua, na abiria waliokuwa wakisali kwa sauti huanza kuulizana bei ya samaki. Mwenyezi Mungu aliijenga bandari hiyo kwa ajili ya kiangazi. Katika tufani zitokazo kaskazini wakati wa mvua ghuba hiyo hiyo haina mlango wa kufunga.

Sasa masika. Kuanzia mwisho wa Septemba au Oktoba mvua hurudi, nao upepo wa kusini hulegea. Hapo ziwa huwa na siku nyingi tulivu, tulivu kabisa, kama mafuta katika sahani. Watu wengi wa bara hawaamini tukiwaambia kwamba siku nzuri kuliko zote za kusafiri tulizopata kuziona zilikuwa za Januari na Februari, pale mvua ipumzikapo kidogo. Tena uzuri wa nchi ni wa wakati huo. Katika kiangazi moshi wa mashamba na nyasi zinazochomwa hulifunika ziwa kwa utando wa kijivu, hata milima ya Burundi hupotea wiki nzima. Lakini baada ya mvua hewa huoshwa, na unaweza kuzihesabu nyumba za ng'ambo. Milima ya Mitumba huwa kijani kibichi. Mpiga picha, mchoraji, au mtu yeyote apendaye kutazama kazi za Mungu, masika ndiyo yake.

Lakini kila siku tulivu ya masika imebeba tufani tumboni. Alasiri au usiku wingu jeusi hutokea, upepo wa baridi hutangulia mbele ya mvua, na kwa nusu saa ziwa huwa halitambulikani. Msafiri aliye karibu na pwani atakimbilia nchi kavu; aliye katikati, akivuka kwenda Burundi au kuelekea Banza, hana pa kukimbilia. Mwezi Desemba 2014 meli Mutambala ilizama upande wa Katanga, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wakuu wa serikali walitaja upepo mkali na mzigo uliozidi. Mambo hayo mawili yakikutana, hata chombo cha chuma hakiponi, sembuse boti la mbao.

Tena katika masika hatari hutoka pia milimani. Mito yetu ni mifupi na yenye mteremko mkali. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katikati ya mji wa Uvira, ukachukua nyumba, madaraja na makumi ya watu. Mto ukifurika hivyo huleta ziwani magogo na miti mizima na mizizi yake, navyo huelea siku nyingi nusu vimezama. Nahodha wa usiku havioni. Boti likilikuta gogo kwa mwendo wa injini, ubao mmoja huachia, na ubao mmoja watosha. Kwa hiyo twawaonya wazazi wanaofikiri kuisherehekea Pasaka ng'ambo ya maji: sikukuu hiyo mara nyingi huangukia katika mwezi wa Aprili, ambao kwetu ni mwezi wa mito iliyojaa.

Ziwa lenyewe nalo lina kupanda na kushuka kwake. Maji ya mvua yote yakiisha kuingia, ziwa hufika juu kabisa mwezi Aprili au Mei. Kisha jua na upepo wa kiangazi huyanywa, na pamoja na yale yatokayo kwa mto Lukuga huko Kalemie, hata Oktoba au Novemba huwa yamepungua karibu mita moja. Hapo zamani sisi wa Nyamianda hatukulijali sana jambo hili. Lakini miaka hii ziwa limepanda kuliko kawaida: mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalifika vimo vilivyokuwa havijaonekana tangu miaka ya 1960, na katika mitaa ya ufukweni ya Uvira familia nyingi zilihama nyumba zao. Mahali ambapo mwaka fulani ulishukia mchangani, mwaka mwingine utakuta kuta zilizozama, nguzo na mashina ya michikichi chini ya maji. Mei na Juni chombo chapaswa kukaribia pwani kwa uangalifu mkubwa. Septemba mchanga hurudi, na mtoto aweza kushuka bila kulowa zaidi ya magoti.

Na mwezi wa mbinguni, je? Wavuvi wa ndagala huvua kwa taa katika usiku wa giza, maana ndagala hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, nao hupumzika siku kadhaa. Usiku wa giza ziwa huwa kama mji mwingine uliowashwa taa kuelekea Burundi, na hapana mgeni aliyeuona usiku huo akausahau. Lakini chombo cha abiria kipitacho katikati ya nyavu usiku hutafuta ugomvi. Siku za mwezi mpevu njia i wazi na mwanga ni wa bure. Tukumbuke pia kwamba nchi zinazolizunguka ziwa zilipatana kuufunga uvuvi kwa miezi mitatu, ili samaki wapate kuzaana. Mwaka 2024 ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Marufuku hiyo ni ya uvuvi, si ya safari. Hata hivyo, mgeni anayekwenda Ubwari katika miezi ya namna hiyo asitazamie kula mukeke wa kuchoma kila jioni, na afungashe maharage.

Kwa hiyo ukituuliza mwezi mmoja tu, tutakutajia Septemba, hasa nusu yake ya kwanza. Upepo umechoka, mvua haijaanza kwa nguvu, maji yamepungua, wavuvi wamekwisha rudi kazini. Shida ni moja, nayo ni kubwa: shule zafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Aliyepanga likizo za shule za Kongo hakuwa nahodha. Amewapa watoto wetu Julai na Agosti, miezi ya upepo. Krismasi, wakati wa tufani. Na Pasaka, wakati wa mito. Mwezi ulio mwema wenyewe amewapa mwalimu na ubao.

Basi, wazee na vijana wasiosoma, mahujaji, na wazazi wenye watoto wachanga, na waende Septemba. Wenye wanafunzi twawashauri wangoje nusu ya pili ya Agosti, baada ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Mara nyingi nguvu za upepo zimeanza kupungua, na siku zabaki za kutosha kabla ya shule. Waondoke alfajiri, na nia yao iwe kukanyaga nchi kavu kabla ya saa sita. Wakikuta ziwa limechafuka saa kumi na moja alfajiri, maana yake upepo umevuma usiku kucha, wasipande siku hiyo. Anayelazimika kwenda katika Januari au Februari aende, lakini afuate pwani, asikate katikati kwa kutaka kufupisha njia, na macho yake yawe juu ya Mitumba. Krismasi na Pasaka, kwa maoni yetu, babu na bibi wafuatwe kwa barabara, hata ikiwa gari litachukua siku nzima kwenye matope, ama wangoje.

Majira mema hayamsaidii mtu aliyepanda chombo kibaya. Kabla ya kulipa nauli, tazama ukingo wa boti: mzigo ukiisha kupangwa na watu kuketi, pana upana wa mkono kutoka majini hadi ukingoni, au hapana? Ikiwa maji yanakaribia kuingia boti likiwa bado limefungwa, yatafanya nini Banza? Uliza gile za kuokolea, uzihesabu, na mtoto wako aivae ikiwa imefungwa kifuani; gile iliyokaliwa kama mto wa kiti haikumwokoa mtu. Nahodha akikuambia "ingia, nafasi ipo" mara ya tatu, na wewe huoni nafasi, ushuke. Nauli ikipotea itapatikana. Beba maji ya kunywa yaliyochemshwa, wala usichote ziwani kwa sababu yaonekana safi. Kipindupindu kimekaa Uvira na pwani yake miaka mingi, nasi twakifahamu kuliko tunavyopenda.

Tena kabla ya kuuliza habari za upepo, uliza habari za amani. Desemba 2025 vita vilifika mpaka ndani ya Uvira, na watu wengi walivuka kukimbilia Burundi bila kuchagua mwezi wala saa. Paroko, mwalimu, na wanawake wauzao ndagala watokao Baraka hujua hali ya njia ya juma hili kuliko redio.

Ukifika Ubwari, kaa siku zisizopungua nne. Siku mbili hazifai, kwa sababu upepo ukikuzuia siku moja utataka kurudi kwa haraka, na haraka ndiyo ile iliyolitoa boti saa tano. Asubuhi ogeni karibu na pwani, mahali wenyeji wanapooga wenyewe, maana wao wanajua mamba alionekana wapi. Mchana, upepo ukipanda, nendeni upande wa ghuba. Utakuta maji yamelala, wakati upande wa mashariki wa ulimi ule ule mawimbi yanapiga miamba.